Kamati ya Harusi Bado Ipo

(Kikundi hiki kiliundwa kwa ajili ya michango ya harusi ya Twalib na Rukia, Mombasa. Harusi imekwisha na hakuna aliyejitoa.)

*Ijumaa, baada ya Isha*

Bi Zena, mamake Rukia: Assalamu alaykum nyote. Rukia mwanangu, ile sauti uliyonitumia mchana nimeisikiliza, kisha nikaisikiliza tena pamoja na bibi yako, ambaye haamini habari asiyoisikia kwa masikio yake mwenyewe. Umetueleza habari za metro ya Dubai yenye behewa la wanawake na watoto, na bei ya nazi, na joto la Agosti, lakini mnalala wapi hukusema. Kwa kuwa WhatsApp ya huko haikubali kupigiana simu, tafadhali liandike hapa sote tulisome.

Rukia: Wa alaykumu ssalam, mama, shikamoo, na shikamoo wazee wangu wote. Sikukusudia kulificha, nilikuwa namngoja Twalib arudi kutoka kazini. Tunakaa mtaa wa Deira, upande wa Al Rigga, katika kile wanachokiita pateshini. Sebule ya nyumba imekatwa kwa mbao za jasi ikawa vyumba vitatu, na chetu ndicho cha katikati, kwa hiyo hakina dirisha. Bafu ni moja kwa watu wote wa nyumba, na jiko tunapikia kwa zamu. Majirani zetu wa kushoto ni mume na mke kutoka Ufilipino, watu wenye adabu sana, lakini tunawasikia hata wanapogeuka kitandani, na kama sisi tunawasikia wao, basi nao wanatusikia sisi.

Shangazi Fatuma: Poleni, wanangu, ila msione kwamba mmeonewa. Marehemu mume wangu alipokwenda Jeddah walilala watu kumi chumba kimoja, na alirudi na fedha za kujenga nyumba hii ninayoandikia.

Mama Twalib: Ni kweli, wifi, lakini marehemu hakuwa na bibi harusi ndani ya chumba hicho.

Twalib: Shikamooni wazee wangu. Chumba hiki nilikuwa nacho tangu kabla ya harusi. Ni dirhamu 1,200 kwa mwezi, na humo mna maji, umeme na intaneti, nami nafika kazini Al Qusais kwa metro ya njia ya kijani bila kubadilisha. Nia yangu ilikuwa tukae hapa miezi michache tuweke akiba, kisha tuhame.

Saida, dadake Rukia: Shemeji Twalib, niruhusu niseme kwa sababu nimeishi huko miaka mingi nikiwa muuguzi, na jambo hili si la starehe wala la kuoneana haya. Ukitaka kumdhamini mkeo apate ukaazi, serikali inakutaka mshahara usiopungua dirhamu 4,000, au 3,000 pamoja na makazi ya kampuni, na hapo wewe huna tatizo. Lakini inakutaka vilevile mkataba wa nyumba uliosajiliwa kwa jina lako, ambao Dubai huitwa Ejari. Pateshini haina Ejari. Jina lililo kwenye mkataba wa nyumba hiyo ni la mtu mwingine anayewapangisha nyinyi wote, na huenda hata mwenye jengo hajui kama sebule yake imekatwa. Rukia ameingia kwa viza ya matembezi ya siku 60. Zikimalizika, kila siku inayozidi ni faini ya dirhamu 50. Kwa hiyo hiyo miezi michache ya kuweka akiba haipo, shemeji.

Athman, binamu yake Rukia: Naunga mkono maneno ya dada Saida. Isitoshe, mwaka 2025 Manispaa ya Dubai ilifanya msako wa nyumba za pateshini, na Al Rigga ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyotajwa, kwa sababu ya hatari ya moto. Watu waliambiwa wabomoe mbao, na wapangaji wakalazimika kutafuta pa kwenda. Jambo hilo likitokea tena, mtajikuta barabarani na masanduku.

Shangazi Fatuma: Basi Rukia aanze kazi sasa, fedha zipatikane haraka. Rafiki yangu mmoja ana saluni hukohuko Dubai, na Rukia anajua kusuka na kupaka hina kuliko wasichana wote wa mtaa huu. Ataanza polepole huku viza ikishughulikiwa.

Athman: Shangazi, kwa heshima yako, hilo tusiliandike hata hapa. Kufanya kazi kwa viza ya matembezi ni kosa, na sheria iliyorekebishwa mwaka 2024 imepandisha faini ya mwajiri kuanzia dirhamu 100,000 hadi milioni moja. Huyo rafiki yako atafunga saluni, na Rukia anaweza kurudishwa nyumbani na kuzuiwa asiingie tena. Akishapata ukaazi kwa udhamini wa mumewe, mwajiri anaweza kumwombea kibali cha kazi, naye akasuka nywele za Dubai nzima kihalali.

Ami Shee: Nimewasoma nyote. Twalib, weka hesabu mezani, usituonee haya. Sisi ndio tuliokuoza na hatuna cha kukucheka.

Twalib: Mshahara wangu ni dirhamu 4,800. Mama namtumia 500 kila mwezi. Nauli na chakula hutumia kama 1,300. Akiba niliyonayo ni 9,000. Dalali amenionyesha studio mbili, yaani chumba kimoja kikubwa chenye jiko na bafu lake. Ya Al Qusais ni 38,000 kwa mwaka, na mwenyewe anataka kodi ilipwe kwa hundi mbili, ambapo hundi ya kwanza peke yake ni 19,000, kwa hiyo hiyo niliifuta siku hiyohiyo. Ya pili iko Al Nahda ya Sharjah, mji jirani, ng'ambo tu ya mpaka wa Dubai, kwa 24,000 na hundi nne. Hundi ya kwanza ni 6,000, amana ni 1,200, ya dalali 1,200, jumla 8,400. Baada ya hapo nitabakiwa na 600, na bado sijalipa amana ya umeme na maji, wala ada ya kuthibitisha mkataba baladia, yaani manispaa, wala godoro. Gharama za viza nimezitenga kando, kwa kuwa kampuni imekubali kunikopesha mshahara wa mwezi mmoja na kunikata kidogo kidogo.

Bi Zena: Dirhamu moja ni shilingi ngapi siku hizi?

Twalib: Kama shilingi 35, mama.

Bi Zena: Basi studio hiyo ni shilingi 840,000 kwa mwaka. Subhanallah. Hapa Kisauni ningepata nyumba yenye ua na mwembe.

Mama Twalib: Twalib, zile 500 zangu zisimamishe mpaka Ramadhani. Usinijibu kwa maneno mengi hapa mbele za watu, fanya tu.

Twalib: Nimekusikia, mama.

Ami Shee: Sasa niulize la kamati. Mweka hazina, baada ya kulipa mapishi, viti na turubai, tulibakiwa na kiasi gani?

Shangazi Fatuma: Shilingi 63,000, nazo zina kazi yake. Tulikubaliana kununua masufuria makubwa ya ukoo ili tusikodi tena kila penye harusi au hitima. Nimeshaulizia bei.

Ami Shee: Shilingi 63,000 ni dirhamu 1,800. Kwa maoni yangu, fedha zilichangwa ili vijana hawa waanze nyumba, na nyumba yenyewe ndiyo hii inayotafutwa. Masufuria yatasubiri.

Shangazi Fatuma: Ami Shee, sikatai, ila fedha za watu zikiguswa bila kuandikwa huleta fitina. Ziandikwe kuwa ni mkopo wa kamati kwa Twalib, usio na riba, utakaorudishwa atakapomaliza hundi ya nne. Kama kuna anayepinga, aseme kabla ya kesho adhuhuri. Asiyesema nitamhesabu kuwa amekubali, na asije akaniambia baadaye kwamba simu yake haikuwa na chaji.

*Jumamosi*

Shangazi Fatuma: Adhuhuri imepita. Hakuna aliyepinga. Fedha nitamkabidhi Ami Shee azitume.

Rukia: Tunawashukuru sana wazee wetu. Naomba nimuulize dada Saida jambo moja. Wenzangu wa hapa wananiambia Sharjah ni mbali na ni upweke, kwamba mume huondoka gizani na kurudi gizani kwa sababu ya foleni. Ni kweli?

Saida: Foleni ya Barabara ya Al Ittihad ni kweli tupu, na anayekuambia utaizoea anakudanganya. Lakini Al Nahda ina nafuu yake, kwa sababu Al Nahda ya Sharjah na Al Nahda ya Dubai zinapakana, na Twalib akifika kituo cha Stadium atapanda njia ileile ya kijani kwenda kazini, bila kuingia kwenye foleni ya magari ya kutoka katikati ya Sharjah. Wafanyakazi wengi wa Dubai wanaishi upande huo na kuwadhamini wake zao kwa mkataba uliothibitishwa na baladia ya Sharjah. Muulizeni dalali kama jengo ni la familia, kwa maana majengo mengine yamejaa vijana wanaopangishana vitanda, na mtakuwa mmehama pateshini moja kuingia nyingine.

Kuhusu upweke, mdogo wangu, sitakupamba. Miezi ya kwanza nilijua saa kwa adhana, na nilimchukia mume wangu kwa kuwa alikuwa na watu wa kuzungumza nao kazini. Kilichonisaidia ni kutoka kila siku baada ya Alasiri, hata kama ni kwenda dukani kununua ndimu moja tu, na kumzoea jirani. Wangu alikuwa mama wa Kerala, India. Yeye hakujua Kiswahili, nami sikujua Kimalayalam, tukazungumza kwa nazi, maana wao nao hawapiki pasi na nazi. Msikae mkisubiriana chumbani ili mmoja amfurahishe mwenzake. Na wewe shemeji, ukirudi umechoka, sema umechoka. Ukinyamaza, mtu aliyeshinda peke yake kutwa nzima atadhani umemkasirikia.

Twalib: Nimelisoma hilo zaidi ya mara moja, dada. Ahsante.

Athman: Kesho ni siku yangu ya mapumziko, nitakwenda nao kuiona. Mimi nalala kambi ya kampuni huku Muhaisnah, watu sita chumbani, na kwa mshahara wa mlinzi siwezi kumdhamini mke hata nikitaka, kwa hiyo angalau nione nyumba ya wenzangu inavyopatikana. Nina jiko dogo la umeme ambalo kambini haturuhusiwi kulitumia. Nitawaletea.

*Jumapili jioni*

Rukia: Tumeiona. Iko ghorofa ya saba, ina dirisha kubwa, na jengo ni la familia; tumepishana na watoto kwenye lifti. Nilifungua bomba la maji baridi nikanawa uso, yakatoka maji ya moto kama ya chai. Nikadhani mabomba yamegeuzwa.

Saida: Hayakugeuzwa. Tangi liko juu ya paa na jua la Agosti linalipika mchana kutwa. Zimeni hita mpaka Oktoba. Maji yaliyomo ndani ya hita, kwa kuwa imezimwa na imo ndani ya nyumba yenye kiyoyozi, hupoa, basi mtaoga kwa bomba la moto mkitaka ya baridi. Kila anayefika huko hujifunza hilo kwa kuungua kwanza. Kiyoyozi nacho msikizime mchana kutwa mkitoka, kiwekeni kwenye nyuzi 25 au 26, maana chumba kikiachwa bila kiyoyozi mchana kutwa huwa tanuri.

Bi Zena: Na mbuzi ya kukunia nazi niliyokufungia, uliitumia?

Rukia: Nimeitumia mara moja, mama, na majirani wa pateshini waligonga ukuta. Huku Al Nahda inshallah nitakuna mpaka nichoke.

Twalib: Dalali amesema tutie saini Jumatano, na hundi tatu za mbele nimpe siku hiyohiyo. Sasa limebaki la cheti cha ndoa cha kuombea ukaazi wa Rukia, Ami Shee.

Ami Shee: Cheti halisi ninacho. Nifahamishe njia yake yote nisirudi mara mbili.

Saida: Ami, kinapitia Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi, kisha ubalozi wa Imarati, yaani Falme za Kiarabu, hukohuko Nairobi. Kikifika Dubai kinapelekwa kwenye Wizara ya Mambo ya Nje ya Imarati, na kinafasiriwa kwa Kiarabu na mfasiri aliyesajiliwa kisheria. Lakini kabla ya yote hayo, tafadhali linganisha majina herufi kwa herufi na picha za pasipoti zao.

Rukia: Nimezituma picha sasa hivi, Ami.

Ami Shee: Nimevaa miwani, nimelinganisha. La Twalib liko sawa. La Rukia, pasipoti inasema Rukia, na cheti kinasema Rukiya, lenye herufi y.

Saida: Hapo watakirudisha, Ami. Afadhali kirekebishwe Mombasa kwanza.

Ami Shee: Basi kesho naanza ofisi ya Kadhi, na Nairobi nitakwenda kwa treni mara tu kikiwa tayari. Twalib, mwambie mkeo apange nguo zake kabatini bila wasiwasi, siku zingalipo za kutosha.

Shangazi Fatuma: Safari njema, Ami Shee. Nauli ya treni isitoke katika zile 63,000.