Tupeane uzoefu: diski na etriye kubwa kwenye gari ya zamani

Baba Ushindi, Bukavu

Jambo wandugu. Naanza mimi, nanyi mfuate. Nawataka mliofanya kwa mikono yenu au mliolipa ikafanywa, si mliosikia kwa jirani. Wenzetu wa Dar mnasema breki na kalipa, sisi huku ni freni na etriye (kile kinachobana diski), tutaelewana tu.

Gari yangu ni Golf 2 ya 1989, moteri 1.6. Diski za mbele ilizokuja nazo ni milimita 239, chuma kimoja kisicho na njia ya hewa katikati. Kuzunguka mjini, toka Nguba hadi Kadutu, zinatosha. Ila siku moja nilishuka mteremko wa Ngomo, njia ya Uvira, na watu watano na magunia mawili ya maharagi, na kabla hatujafika Kamanyola pedali ikaanza kuzama kama nakanyaga mkate. Nikaingiza vitesi (gia) ya kwanza, moteri ikalia, nikaisugua gari kwenye ukingo wa upande wa mlima mpaka ikasimama. Tone la mvua lilipogusa janti likachemka. Mke wangu akashuka, akamalizia mteremko kwa miguu. Hakunisemesha mpaka Uvira.

Shemeji aliye Brussels akanitafutia vitu vya okazio (vilivyotumika) vya Golf G60, ile yenye nguvu zaidi: diski za milimita 280, unene 22, zenye njia za hewa ndani, pamoja na etriye, vishikio vyake na fize zote mbili (kile chuma kinachobeba gurudumu na etriye). Nilimsisitiza vyote vitoke kwenye gari moja, maana etriye kubwa haifungwi hivi hivi kwenye fize ya Golf ndogo. Nilichosahau ni janti. Zangu za inchi 13 hazipiti kabisa, diski ya 280 inataka za 15. Nikapata za 15, lakini utajuaje kama hazitagusa etriye? Fundi akaomba bugali bwa usiku, akafinyanga vidonge, akavibandika mgongoni mwa etriye. Tukafunga gurudumu, tukalizungusha kwa mkono polepole, tukafungua. Kidonge kilichobonyea zaidi kilibaki na milimita tatu. "Inapita," akasema, akawatupia kuku.

Halafu tukapurje (kutoa hewa kwenye freni) siku mbili. Chupa ya kwanza ya likidi ya freni, pedali laini. Chupa ya pili, laini. Kumbe kijana wa garaji aliweka etriye ya kushoto kulia, na ya kulia kushoto. Zinafunga vizuri, hakuna kinachokuonya, ila kile kivisi cha kupurje kinatazama chini, na hewa inakaa juu kabisa inakucheka. Tulipozibadilisha, dakika ishirini nyingi. Ila pedali bado ilikuwa inakwenda mbali, maana pistoni kubwa zinakunywa likidi nyingi kwa kila mkanyago. Niliweka metre-silinda (ile pampu inayosukumwa na pedali) ya milimita 22 mahali pa ile ya 20.6, ikawa sawa.

Nyota wa Himbi, Goma

Aksanti papa kwa kufungua. Mimi niliponea chupuchupu kununua.

Nina Hilux Surf ya 1996. Mawe ya volkano yalinifanya niinue gari, nikaweka springi ndefu. Tangu hapo freni za mbele zinapata moto, plaketi (pedi za breki) zinaisha upesi, na ukikanyaga inainamisha pua kama mbuzi anayekunywa. Kila mtu akaniambia niagize etriye za Tundra, zile kubwa ambazo wenye Surf wanaziweka. Nikaanza kuchanga dola.

Mzee mmoja fundi akalala chini ya gari, akatoka anacheka. Nyuma, juu ya ekseli, kuna kafimbo kanakopima mzigo. Ukipakia, gari inakaa chini, kafimbo kanapanda, kavali kanaruhusu freni za nyuma zipate nguvu zaidi. Mimi nilipoinua gari, kakadhani siku zote sina mzigo, kakazinyima za nyuma. Mbele ikafanya kazi ya magurudumu manne. Akachomelea kipande cha chuma kuinua pale kafimbo kanapofungwa, nikamlipa dola 10. Pesa za etriye nimenunulia mapine.

Fundi wa Kadutu

Baba Ushindi, ile ya bugali nimeiiba.

Mimi naona wengi wanaleta diski kubwa huku diriti (mabomba) za mpira za likidi ni zile zile za tangu gari izaliwe. Kwa nje nzuri, kwa ndani zimevimba, likidi inapita kwenda na haitaki kurudi. Gurudumu linabaki limeshikwa, diski inaungua, mwenye gari analaumu etriye mpya. Na likidi yenyewe inakunywa unyevu wa hewa hata ikiwa ndani ya gari. Likidi ya aina ya DOT 4 ikiwa mpya inachemka kwenye digrii 230, ikishakunywa maji inashuka karibu na 155. Ile chupa iliyofunguliwa tangu mwaka jana, oshea nayo kitu kingine.

Na jamani, wale mnaomwagia diski maji mkifika chini ya mteremko! Nimeshapokea moja imepasuka toka ukingoni. Ilikuwa na wiki moja.

Mwana Lushi

Sisi Lubumbashi ni tambarare. Niliweka diski kubwa kwenye Corolla, janti 17, etriye nikazipaka nyekundu. Faida? Picha. Na gari sasa inaruka kwenye kila shimo.

Nyota wa Himbi, Goma

Papa, ulisharudi Ngomo?

Baba Ushindi, Bukavu

Mara tatu. Kwanza nilizizoesha plaketi barabara ya Kavumu, alfajiri: toka 60 hadi 10, mara kumi, bila kusimama kabisa, halafu nikaziacha zipoe zenyewe. Ngomo nashuka na vitesi ya pili kuanzia juu, nakanyaga kwa nguvu mara moja na kuachia, siburuti mguu. Pedali haijazama tena. Sijui nigawe vipi sifa kati ya diski na ile vitesi ya pili. Mke wangu, kabla ya kupanda, bado anauliza likidi ilibadilishwa lini.