Ushauri: kugel tamu ya tambi kwa mlo wa Rosh Hashanah, watu 12

Mama Zuhura
Habari za jioni wadau. Nina kazi ya kupika mlo wa Rosh Hashanah (mwaka mpya wa Kiyahudi) kwa familia ya Kiyahudi hapa New Jersey, watu 12, nyumba inayoshika kosher, yaani sheria za Kiyahudi za chakula. Kitoweo ni kidari cha ng'ombe, na wameomba pembeni kugel tamu ya tambi, yaani tambi zilizochanganywa na mayai na kuokwa kwenye trei. Resipe niliyonayo inataka tambi za mayai pakiti moja, mayai 6, jibini laini ya punje nusu kilo, krimu chachu, siagi, sukari, zabibu kavu, na lozi zilizopondwa juu. Nifanyeje isitoe maji chini? Inaweza kuokwa siku moja kabla? Na iliki, niweke?

Sufuria Mbili
Mama Zuhura, iweke kando kwanza hiyo resipe. Ni kugel ya maziwa, na mlo wako una nyama. Katika nyumba ya kosher maziwa na nyama havikai meza moja, na wengi baada ya nyama husubiri saa kadhaa, mpaka 6, ndipo waguse maziwa. Kugel ya jibini na krimu inafaa sikukuu ya Shavuot, au kufungulia baada ya mfungo wa Yom Kippur. Wewe unahitaji ya parve, yaani isiyo na maziwa wala nyama. Siagi ipishe mafuta ya kula, jibini na krimu zipishe matufaha. Ukitumia majarini soma pakiti, nyingi zina maziwa ndani.

Lozi nazo toa. Wayahudi wa Ashkenazi (wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki) wengi hawali jamii ya njugu na lozi siku za Rosh Hashanah.

Fundi wa Oveni
Vipimo hivi hapa, kwa trei ya sentimita 23 kwa 33, vinatosha watu 12 kama kuna vyakula vingine. Tambi pana za mayai gramu 340. Mayai makubwa 6. Sukari gramu 150. Mafuta mililita 80. Rojo la matufaha lisilo na sukari mililita 240. Matufaha makubwa 2, yamenywe na kukatwa vipande vidogo vya mchemraba. Zabibu kavu gramu 80, vanila vijiko vya chai 2, mdalasini vijiko vya chai 2, chumvi nusu kijiko cha chai. Chumvi usiiache, bila hiyo utamu unakuwa bapa.

Chemsha tambi dakika 2 au 3 pungufu ya zile za kwenye pakiti, maana zitamalizikia ndani ya oveni. Zikiiva kabisa kwenye sufuria, mwisho wake ni uji. Chuja, tikisa chujio vizuri, zichanganye na mafuta yote, kisha zitandaze kwenye trei pana dakika 10. Hapo mvuke unaondoka badala ya kurudi kuwa maji. Ukimimina mayai juu ya tambi za moto yataganda vipandevipande palepale na hayatashika kitu.

Piga mayai na sukari, rojo, vanila, mdalasini na chumvi, changanya na tambi, matufaha na zabibu. Paka trei mafuta, mimina, bonyeza tambi zizame. Oka nyuzi 175 za Selsiasi, dakika 50 hadi 60.

Mama Zuhura
Asante sana. Matufaha nikiyakwangua je? Naona resipe nyingi wanakwangua.

Fundi wa Oveni
Ukikwangua yatoe maji kwa kuyakamua ndani ya kitambaa safi, la sivyo ndiyo hayo maji ya chini unayoyaogopa. Vipande ni salama zaidi. Chanzo kingine cha maji ni kuoka kupita kiasi: yai likikaza mno linajikamua lenyewe. Toa pale kingo zimeshika na katikati bado inatikisika kidogo kama mtindi. Mwenye kipimajoto alenge nyuzi 75 katikati.

Jiko la Pwani
Iliki usiweke. Huko tutakuwa tunapika tambi za Idi, na meza hiyo inategemea mdalasini. Ukitaka ladha ya sikukuu yenyewe, punguza sukari gramu 50 na uweke asali vijiko vikubwa 2, kwa sababu matufaha na asali ndiyo alama ya Rosh Hashanah. Ila asali hugeuka rangi haraka, kwa hiyo shusha oveni hadi 165 na uongeze kama dakika 10.

Kwa juu, konifleksi zilizovunjwa kikombe kimoja, mafuta kijiko kikubwa kimoja na mdalasini kidogo. Nyunyiza dakika 20 za mwisho tu, zisiungue.

Fundi wa Oveni
Mimi konifleksi sizioni na maana. Tambi za juu zikikauka na kuwa rangi ya kahawia ndizo watu wanazogombania. Zikizidi, funika kwa foili.

Sufuria Mbili
Mambo ya nyumba yenyewe sasa. Tumia vyombo vyao vya upande wa nyama, wakuonyeshe ni vipi. Kila yai livunje kwenye glasi peke yake. Lenye doa la damu linatupwa. Tambi, rojo na vanila viwe na alama ya kosher. Halafu muulize mwenye nyumba kama anataka kuwasha oveni yeye mwenyewe. Kwa nyumba nyingi za Ashkenazi hilo ni sharti pale mpishi asipokuwa Myahudi, na ukiuliza mapema hamtasumbuana.

Kuoka siku moja kabla ni sawa kabisa, hata inakatika vizuri zaidi ikishapoa.

Mama Zuhura
Nimeelewa. Kuipasha je, na zabibu niziloweke?

Fundi wa Oveni
Zabibu kama ni ngumu, maji ya moto dakika 10, kisha zikaushe kwa taulo. Kupasha: itoe kwenye friji nusu saa kabla, funika kwa foili, nyuzi 150, dakika 25 hadi 30, na foili uitoe dakika 5 za mwisho ili juu pakauke tena.