Mustang GT mpya: nianze na ekzosi, supachaja, au tairi na breki?

BarabaraNdefu
Wakuu, salaam. Baada ya kudunduliza kwa miaka, hatimaye nimechukua Mustang GT, kizazi hiki kilichoingia sokoni kama toleo la 2024. V8 ya lita 5.0, nguvu za farasi 480, gia za mkono. Ina kilomita 900 tu. Ni ya kawaida, haina kifurushi cha michezo, kwa hiyo rimu ni zile za inchi 18 na tairi za upana wa milimita 235.

Natumia kwenda kazini, wikendi napanda milimani kwenye kona nyingi, na nataka kuipeleka uwanja wa mbio mara tatu au nne kwa mwaka. Mfuko unaruhusu jambo moja kubwa mwaka huu, au mawili madogo. Nimebaki na njia tatu:

1. Ekzosi kuanzia nyuma ya katalisti (kile kifaa cha kusafisha moshi), pamoja na filta ya hewa ya wazi.
2. Nisiguse kitu, niweke akiba hadi nipate supachaja (pampu inayosukumia injini hewa zaidi ili iongeze nguvu).
3. Rimu na tairi pana, pedi za breki, labda na springi.

Moyo unavuta kwenye namba 2. Naomba mawazo ya waliotangulia.

Spana_19
Hongera sana mkuu. Mimi nasema namba 3, na ndani ya namba 3 nasema tairi kwanza, mengine yangoje.

Fikiria hivi. Gari lako lina uzito unaokaribia tani moja na robo tatu, na injini inatoa torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 563. Vyote hivyo vinapita kwenye vipande vinne vya mpira vinavyogusa barabara, kila kimoja kikizidi kiganja chako kwa kiasi kidogo tu. Ukiwa gia ya pili, lami ikiwa na unyevu, kanyaga mafuta nusu tu uone taa ya mfumo wa kuzuia utelezi inavyowaka. Hiyo taa inakuambia kuwa nguvu unazo tayari, zinakosa pa kushika. Ukiongeza nyingine 200 juu ya tairi hizohizo, kompyuta itazidi kukukatia moto.

Tafuta rimu za inchi 19 zenye upana wa 9.5, uvae 275/40 pande zote nne. Zikiwa sawa mbele na nyuma unaweza kuzizungusha, na kwa gari linalosukuma kwa nyuma hilo linakuongezea maisha ya tairi kwa kiasi cha kuonekana. Angalia ofseti (umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya upana wa rimu), rimu isije ikagusa shokapu. Mpangilio wa nati ni 5x114.3, yaani nati tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3, tundu la katikati ni milimita 70.5.

Na nati zikazwe kwa spana ya torki, Nm 204. Ukishatembea kilomita 100 hivi, zipitie tena.

KifuaV8
Spana yuko sahihi kwa upande wa fizikia, lakini naomba nitetee ekzosi kwa sababu nadhani inadharauliwa sana kwenye mijadala hii.

Mtu hanunui haya magari ya misuli ya Kimarekani ili awahi kufika kazini. Ananunua kwa sababu ya ile ngurumo. Kwenye hii injini, mpangilio wa kuwaka ni 1-5-4-8-6-3-7-2. Silinda 1 hadi 4 ziko upande mmoja, 5 hadi 8 upande mwingine. Ukiufuatilia kwa kidole utaona kwamba 8 na 6 zinawaka mfululizo upande uleule, halafu 2 na 1 (orodha inaporudi mwanzo) nazo mfululizo upande wa pili. Kule kupishana kusiko sawa ndiko kunakoleta mlio wa kukoroma. Kiwandani wanaufunika kwa sailensa ili usisumbue watu. Ukibadilisha ekzosi unaufungulia mlango.

Ukitaka mlio mzito wa kifuani, chagua bomba la kati la umbo la H. La X linatoa mlio wa juu na mkali zaidi mizunguko inapopanda. Na jihadhari na mvumo wa ndani ya gari: ekzosi nyingi za bei rahisi zinavuma kama nyuki kwenye chupa pale injini inapokuwa kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, yaani mwendo wako wa kila siku barabara kuu. Usinunue kabla hujapanda gari lenye ekzosi hiyohiyo ukaenda nalo walau nusu saa.

Nguvu utakazopata ni chache, sitakudanganya. Ila hakuna haja ya kugusa kompyuta, kazi ni ya nusu siku, na ya zamani unaihifadhi stoo kwa siku utakayouza. Filta ya hewa ya wazi iache. Ya kiwandani inapitisha hewa ya kutosha kabisa kwa injini isiyo na mabadiliko, na ile ya wazi ikikaa vibaya inavuta hewa ya moto ya ndani ya boneti.

MotoMoto_50
Mimi ninayo supachaja kwenye ya kizazi kilichopita, mwaka wa tatu sasa, na ningeifunga tena kesho. Nikikanyaga gia ya tatu kutoka mwendo wa 80, shingo inarudi nyuma na mke wangu anashika mlango. Kwa hiyo sikukatazi, mkuu. Nakupa hesabu yote tu, maana wengi wanahesabu kifaa peke yake.

Injini hii ina mgandamizo wa 12 kwa 1. Huo ni mgandamizo mkubwa hata kabla hujasukumia hewa ya ziada. Ukiongeza presha bila petroli ya oktani ya juu na programu ya kompyuta ya injini iliyoandikwa kwa uangalifu, injini itagonga (mafuta yatalipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake), na kugonga ndiko kunakotoboa pistoni. Kwa hiyo:

- plagi za baridi zaidi, pengo dogo
- petroli bora wakati wote, hata ukiwa safarini mbali
- klachi, kwa kuwa wewe una gia za mkono na ya kiwandani itaanza kuteleza
- shafti za magurudumu ya nyuma, ukivaa tairi zinazoshika kweli
- gia za pampu ya oili. Kwenye familia hii ya injini ni za unga wa chuma ulioshindiliwa, na ukigonga kikomo cha mizunguko mara kwa mara ukiwa na supachaja zinaweza kupasuka. Wengi hubadilisha wakati uleule wa kufunga supachaja.
- radieta ya kupoza hewa inayoingia, hasa kwa uwanja wa mbio. Baada ya kuzunguka uwanja mara chache hewa inachemka, kompyuta inapunguza nguvu, na unabaki na gari zito.

Kuna na hili: kompyuta ya kizazi chako imefungwa zaidi kuliko ya kwangu, kwa hiyo mwandishi wa programu lazima awe mtu aliyeifanyia kazi hiyohiyo. Usikubali mtu ajifunzie kwako.

Nakubaliana na KifuaV8 kuhusu filta, kwa sababu nyingine. Supachaja inakuja na njia yake ya hewa. Ukinunua filta ya wazi leo, siku ya supachaja utaitoa uiweke kando. Kama kweli unaelekea huko, kila unachonunua sasa kiwe kitu kitakachobaki: tairi, breki, klachi.

Spana_19
Hapo umemaliza kazi, MotoMoto. Hata njia ya supachaja inaanzia kwenye tairi.

DadaKona
Naona kila mtu amepita kwenye breki haraka haraka. Naomba nikae hapo kidogo, maana umesema uwanja wa mbio.

Mara yangu ya kwanza uwanjani nilikwenda na gari lenye tairi nzuri na mafuta ya breki ya miaka mitatu. Mzunguko wa kwanza raha. Wa tatu, mwisho wa ule mnyoofu mrefu, nikakanyaga pedeli ikashuka hadi karibu na sakafu kama nimekanyaga sponji. Nikapampu mara mbili, ya pili ikashika kidogo, nikaingia kona kwa mwendo ambao sitausahau. Nilitoka kwenye lami nikasimama kwenye nyasi. Gari halikuguswa, lakini mikono ilitetemeka hadi jioni.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. DOT 4, daraja la kawaida la mafuta hayo, ikiwa mpya kabisa, kiwango cha chini cha kuchemka ni nyuzi 230. Ikishanyonya maji, kiwango hicho kinashuka hadi 155. Gari lenye uzito huu likisimamishwa kutoka mwendo mkubwa mara kumi mfululizo, joto hilo linafika kwenye pistoni za breki bila shida. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Ndiyo maana pedeli inazama.

Jifunze kutofautisha. Pedeli ikizama na kuwa laini, ni mafuta yamechemka. Pedeli ikibaki ngumu lakini gari halipungui mwendo na unasikia harufu kali ya kuungua, ni pedi zimezidiwa joto. Tatizo la kwanza linatibiwa na mafuta ya michezo yanayochemka zaidi ya nyuzi 300 yakiwa mapya. La pili linatibiwa na pedi za daraja la juu. Vyote viwili kwa pamoja gharama yake haifiki hata robo ya seti ya rimu, na kwa gari lako ndivyo vitakavyoleta tofauti kubwa kuliko kitu kingine chochote uwanjani.

Ukishafunga pedi mpya, zizoeshe diski: punguza mwendo kwa nguvu mara kadhaa bila kusimama kabisa, kisha endesha taratibu zipoe. Usisimame ukashikilia pedeli zikiwa za moto.

Springi ziache kwanza. Kushusha gari sentimita mbili na nusu kunapendeza machoni, lakini shokapu za kiwandani hazikupimwa kwa springi fupi na ngumu. Utapata gari linaloruka kwenye mashimo na tairi zinazolika upande wa ndani. Anza na alaimenti, nyuzi kidogo zaidi za kulaza tairi za mbele ndani. Utashangaa kona zinavyokubali.

BarabaraNdefu
Dada, nimekupata vizuri sana. Nilikuwa sijafikiria mafuta ya breki hata kidogo. Swali: nikianza kukanyaga kwa nguvu kutoka gari likiwa limesimama, nyuma inadunda dududu kama gurudumu linaruka. Tairi pana zitaondoa hilo?

DadaKona
Hazitaondoa peke yake, zinaweza hata kuongeza kwa kuwa zinashika zaidi. Huo mdundo unatokea kwa sababu fremu ndogo inayobeba difu na magurudumu ya nyuma imekaa juu ya bushi za mpira. Torki inapokuja ghafla, fremu inajipinda, inarudi, inajipinda tena. Kuna vifaa vya kuibana fremu hiyo isicheze kwenye bushi zake. Ni vidogo, havibadilishi starehe sana, na fundi anavifunga gari likiwa kwenye lifti kwa muda mfupi. Kwa sasa usiendelee kukanyaga likidunda. Inua mguu mara moja, maana kila dundo ni nyundo kwa shafti.

WarantiKwanza
Nachangia kwa ufupi. Kilomita 1,600 za mwanzo kitabu kinataka ubadilishebadilishe mwendo na usiitese injini, kwa hiyo uwanja wa mbio ungoje.

Kuhusu waranti: Marekani wana sheria ya 1975, Magnuson-Moss, ambayo hairuhusu mtengenezaji kukunyima waranti eti tu kwa sababu umefunga kifaa cha nje; anatakiwa aonyeshe kuwa kifaa hicho ndicho kilichosababisha hitilafu. Kwingine mambo hutofautiana, soma kijitabu chako mstari kwa mstari. Tairi, pedi na ekzosi ya nyuma ya katalisti ni vigumu kuvihusisha na injini iliyokufa. Supachaja na programu mpya ni rahisi mno, na kompyuta huweka kumbukumbu. Katalisti usiiguse kabisa, hiyo inakupeleka kwenye sheria za moshi. Na tunza risiti zote.

BarabaraNdefu
Wakuu, narudi na mrejesho baada ya wiki sita. Nimechukua rimu 19 kwa 9.5 na tairi 275, pedi, mafuta mapya ya breki, alaimenti kama dada alivyosema. Kona za milimani gari limekuwa jingine kabisa, usukani unanieleza kila kokoto. Gia ya pili sasa inashika.

Ila kuna mtetemo kwenye usukani kuanzia mwendo wa 105 hadi 120. Nimefanya balansi mara mbili, gereji iliyonifungia inasema tairi hazina kasoro. Nifanye nini?

Spana_19
Tundu la katikati la rimu zako ni milimita ngapi? Limeandikwa kwa nyuma, mara nyingi karibu na ofseti.

BarabaraNdefu
Nimevua moja sasa hivi. 73.1.

Spana_19
Ndiyo hiyo. Habu yako (kile kitovu cha gari kinachobeba gurudumu) ni 70.5, kwa hiyo rimu inaning'inia kwenye nati badala ya kukaa kwenye habu, na imekaa pembeni kwa kitu kama milimita moja. Tafuta pete nne za 73.1 kwa 70.5, za aluminiamu, za plastiki zitayeyuka ukienda uwanjani. Safisha kutu kwenye habu kwa brashi ya waya, vaa pete, rudisha rimu, kaza kwa mtindo wa nyota gurudumu likiwa hewani, halafu shusha na umalizie Nm 204.

BarabaraNdefu
Nimefunga pete leo asubuhi. Nimekwenda hadi 120, usukani umetulia kabisa, kikombe cha chai hakitikisiki. Jumamosi nazipitia tena nati, na siku ya kwanza ya uwanja nimeshajiandikisha. KifuaV8, ekzosi ya bomba la H iko kwenye orodha ya mwakani. Kama una gari lenye nayo, naomba nipande hiyo nusu saa.

KifuaV8
Ninalo. Karibu sana, na uje na safari ya barabara kuu, tuusikilize ule mzunguko wa 2,000 pamoja.