Urani ya Namtumbo na ya Shinkolobwe: mbona zinapishana hivi?

Mchorongaji:
Wakuu, mbale (mawe yenye madini) ya Mto Mkuju, Namtumbo, ina oksidi ya urani karibu 0.03% kwa wastani. Shinkolobwe, Katanga (Kongo), kuna mbale iliyofika 65%. Tofauti yote hii imetoka wapi? Na nikipita na kipima gama (kifaa cha kupima mionzi) juu ya miamba ya Karoo, ile ya mchanga ya huko Namtumbo, namba kubwa inatosha kuamua pa kuchoronga?

Karoo_Kusini:
Mkuu, Namtumbo ni habari ya mtanuko wa ardhi. Kati ya miaka milioni 300 na 180 hivi iliyopita Gondwana (bara kuu la kale) ilivutwa, mabonde yakadidimia, mito ikayajaza mchanga uliomomonyoka kwenye graniti na naisi za kandokando. Maji yenye oksijeni huyeyusha urani (chaji +6) na kuipitisha mchangani mpaka yakutane na mabaki ya mimea au pairaiti (madini ya chuma na salfa). Hapo oksijeni huisha, urani hushuka hadi +4 na kuganda. Kwa hiyo fuata mpaka wa mchanga mwekundu na wa kijivu. Tabaka likiwa jekundu lote, kilichokuwa cha kuigandisha urani kimeshaliwa. Likiwa kijivu tupu, huenda maji hayo hayakufika kabisa.

Lufira:
Shinkolobwe ni mgongano, ndugu. Kratoni (vipande vigumu vya kale vya bara) ya Kongo na ya Kalahari zilisukumana, tabaka za Roan, yaani miamba ya pale, zikakunjwa na kupasuka, maji ya moto yenye chumvi nyingi yakapita kwenye nyufa. Uraninaiti (madini ya oksidi ya urani) ya pale ina umri wa aina mbili: karibu miaka milioni 650, kabla ya mgongano, na karibu milioni 530, wakati wa mgongano wenyewe. Ndani ya ufa madini hujaza mshipa mzima. Mchangani hutawanyika kwenye vinyweleo, na sehemu kubwa ya jiwe hubaki kwazi tu.

Karoo_Kusini:
Kuhusu kipima gama: haitoshi. Gama unayoipima hutoka hasa kwa bismathi-214, mjukuu wa urani katika mnyororo wa kuoza kwake. Mvua ikiosha urani na kuacha radiamu, inayozaa bismathi hiyo, kipimo kitapanda mahali ambapo urani imeshaondoka. Urani iliyoganda karibuni nayo husomeka chini ya kiasi chake, maana mnyororo huchukua karibu miaka milioni moja kufikia usawa kati ya urani na wajukuu wake. Tumia spektromita, inayotenganisha gama kwa nishati yake: MeV 1.76 ni mnyororo wa urani, 2.61 ni wa thoriamu, na mchanga wenye monazaiti (madini yenye thoriamu) hupandisha huo wa pili. Halafu peleka sampuli maabara, linganisha urani halisi na ile ya gama, tabaka kwa tabaka, kabla hujakadiria tani.