Kota ya asilimia 10 ya maskini India: kama ni ya maskini, mbona maskini walio wengi wamefungiwa nje?

Wakuu habari za muda huu. Kila tukijadili mikopo ya vyuo na nafasi za masomo lazima atokee mtu aseme tuige India, wenzetu wameandika kabisa kwenye katiba kwamba mtoto wa familia isiyo na uwezo atengewe nafasi chuoni. Nimeona wengi wanaoisifia hiyo kitu wanaijua kwa juu juu tu, kwa hiyo leo naomba tuifungue tuione ilivyo. Msimamo wangu nausema mapema: umaskini kuwa kigezo siupingi hata kidogo, ninachopinga ni namna walivyoiandika.

Kwa ambao hawafuatilii. India ina nafasi zilizotengwa (ndizo kota) kwenye vyuo na ajira za serikali kwa sababu ya matabaka. Dalit, wale ambao kwa karne na karne walihesabiwa najisi, hawaruhusiwi hata kuchota maji kisima kimoja na wengine, wana asilimia 15. Makabila ya asili wana 7.5. Matabaka mengine yaliyoachwa nyuma wana 27. Jumla 49.5. Mwaka 1992 kwenye kesi ya Indra Sawhney Mahakama ya Juu ilisema hizi kota zisivuke 50, na kwenye kesi hiyohiyo ikaifuta kota ya asilimia 10 ya maskini ambayo serikali ya waziri mkuu Narasimha Rao iliileta 1991, ikasema umaskini peke yake hautoshi kuwa kigezo.

Sasa Januari 2019, uchaguzi mkuu uko mlangoni, serikali ya waziri mkuu Modi ikapeleka bungeni badiliko la 103 la katiba. Bunge la chini likapitisha tarehe 8, kura 323 kwa 3, kesho yake bunge la juu nalo likapitisha, badiliko la katiba ya nchi ya watu zaidi ya bilioni moja limepita mabunge yote mawili ndani ya siku mbili. Ikaongezwa asilimia 10 kwa wasio na uwezo kiuchumi, vyuo vya serikali na hata vya binafsi. Lakini kuna sharti: usiwe unatoka kwenye yale makundi matatu ambayo tayari yana kota zao.

Hapo ndipo mimi nilipokwama na sijatoka mpaka leo. Yaani binti wa Dalit ambaye mama yake anafagia barabara, hana hata kiwanja, huyo kwa mujibu wa katiba hahesabiki kwenye kota ya maskini. Ripoti ya tume ya Sinho, iliyoundwa kuchunguza hali ya maskini wasio na kota, ambayo ndiyo serikali yenyewe iliitegemea, ilionyesha walio chini ya mstari wa umaskini ni asilimia 48.4 ya watu wa makabila, 38 ya Dalit, 33.1 ya yale matabaka ya nyuma, na 18.2 tu ya wale wasio na kota yoyote. Maana yake kota ya maskini imeandikwa kwa ajili ya kundi lenye asilimia ndogo ya maskini kuliko yote, na wale wenye asilimia kubwa wameambiwa nyie hapana.

Kesi ilienda Mahakama ya Juu, hukumu ikatoka Novemba 7, 2022, majaji watatu kwa wawili wakasema badiliko ni halali. Waliopinga ni Jaji Ravindra Bhat na Jaji Mkuu mwenyewe, U.U. Lalit. Kwa upande wa nafasi za masomo, Bhat hakusema umaskini usiwe kigezo, alikubali unaweza kuwa, alichokataa ni kuwatoa maskini wa matabaka ya chini. Mimi niko na Bhat kwa asilimia mia.

Najua jibu lenu, na ndilo walilolitoa wale majaji watatu: hao wana kota yao tayari, mnataka wale mara mbili? Wakuu, kota ya Dalit haipimi umaskini. Mtoto wa yule anayefagia barabara anagombania zile asilimia 15 na mtoto wa ofisa mkubwa wa serikali ambaye pia ni Dalit, aliyesoma shule nzuri na tuisheni za maana. Kwa hiyo umaskini wake haujafidiwa popote, kilichofidiwa ni tabaka lake, na ni vitu viwili tofauti ambavyo yeye anavibeba vyote kwa pamoja.

Halafu njooni kwenye mstari wenyewe. Ili uhesabike huna uwezo, kipato cha familia kisifike rupia laki 8 kwa mwaka. Hiyo ni kama rupia 66,000 kwa mwezi, kwa hela ya kwetu zaidi ya shilingi milioni moja na nusu kila mwezi. Wakati sheria inapita, kodi ya mapato ilikuwa inaanza kwenye laki mbili na nusu, kwa hiyo mtu anakatwa kodi na bado anahesabika maskini. Wapo waliotetea kwamba kuna masharti mengine, usiwe na ekari 5 za shamba, usiwe na nyumba ya futi za mraba 1,000, mshahara na mavuno vyote vinahesabiwa, na ni kweli yapo. Ila angalieni vyuo vyao vya IIT, vile vyuo vikubwa vya teknolojia vya serikali. Mwaka 2016 ada ilipanda ikawa laki mbili kwa mwaka, wakaweka msamaha, familia yenye kipato chini ya laki moja hailipi ada kabisa, kati ya laki moja na tano inasamehewa theluthi mbili, na ukizidi hapo bila kuwa Dalit, kabila au mlemavu unalipa yote. Kwa hiyo kijana wa familia ya laki saba na nusu akiwa dirisha la udahili ni maskini, akienda dirisha la mhasibu ana uwezo wa kulipa ada nzima. Serikali ni ileile, chuo ni kilekile. Na yule Brahmin, yaani wa tabaka la juu kabisa, ambaye baba yake ni mpishi wa kuajiriwa kwenye nyumba ya mtu, ambaye kweli anastahili na mimi namtetea, anawekwa kapu moja na huyo wa laki saba na nusu mwenye hela ya tuisheni, unadhani nafasi atachukua nani?

Kingine kinachoniuma ni ule ukomo wa 50. Mei 2021 mahakama hiyohiyo iliifuta kota ya jamii ya Wamaratha wa jimbo la Maharashtra, sababu mojawapo imevuka 50. Mwaka mmoja na nusu baadaye ikaja kesi ya hii kota ya maskini, mahakama ikasema ukomo sio msahafu. Jimbo la Bihar wakapandisha kota zao za matabaka mpaka 65 mwaka 2023, Juni 2024 Mahakama Kuu ya jimbo hilo, iliyopo Patna, ikazifuta. Mtu wa tabaka la chini ataelewaje hapo?

Sasa tunaotaka kuiga. Kwetu mtoto akiomba mkopo fomu inapita kwa serikali ya mtaa, mwenyekiti anagonga muhuri, na wote tunajua kipato cha mwalimu kinaonekana mpaka senti ya mwisho kwa sababu ana salary slip, wakati mwenye maduka matatu anapokea keshi na hakuna karatasi inayomsema. Ukiweka kota ya katiba juu ya upimaji wa namna hiyo, watakaopita ni wajanja. Bora ada isamehewe kwa ngazi kama walivyofanya IIT, mstari uwe chini kweli, na asitolewe maskini yeyote kwa sababu ya kwao.

Wanaosema wale majaji watatu walikuwa sahihi karibuni, ila naomba mnijibu hili moja: yule binti wa mfagia barabara umaskini wake unafidiwa na kifungu gani?