Tupeane uzoefu: matapeli wa simu na mitandao hapa Mombasa, ulishtuka wapi?

Mkaazi wa Tudor

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Jirani yetu mmoja, mzee anayeheshimika mtaani, alipigiwa simu baada ya swala ya alfajiri akaambiwa laini yake inafungwa leo kwa sababu usajili haujakamilika. Kijana mwenyewe mpole, kila sentensi "shikamoo baba". Simu ilipokatika, karo ya mjukuu ilikuwa imeshahama.

Zile orodha za "usibonyeze hiki, usiseme kile" kila mtu ameshazisoma, na hata mzee nilimkuta nazo kwenye simu yake. Kwa hivyo hapa nataka visa vyenu vya hapa hapa mjini: waliingiaje, walisema nini, na wewe au mtu wako alishtuka wapi. Mwenye kuona haya aandike kuwa ni kisa cha binamu, tutaelewa. Majina na namba za watu tusiweke.

Wakala wa Kongowea

Mimi ni wakala wa M-Pesa karibu na soko. Anayekuja kuliwa huwa namjua kabla hajafika dirishani: simu iko sikioni, salamu haitikii, na mimi ananizungumzisha kwa vidole. Ameambiwa asikate simu. Yule wa upande wa pili anajua kwamba akipata nafasi ya kupumua tu, atamuuliza mtu.

Mama mmoja muuza viazi alikuja hivyo, anataka nimwekee mtu elfu kumi na nane moja kwa moja. Nikamwambia hilo mawakala tumekatazwa, weka kwenye laini yako kisha utume mwenyewe. Hasira! Akaniambia namzibia riziki, ni basari ya mtoto inatoka kaunti, ada lazima ilipwe kabla ya saa sita. Nkanyamaza. Alipoanza kutuma, jina la mpokeaji likatokea kwenye skrini kama kawaida kabla ya kuthibitisha. Si kaunti wala ofisi yoyote, ni jina la mtu tu. Kidole kikasita. Nikamwambia, "Mamangu, kata kwanza. Kama ni serikali, watakupata na kesho." Akakata. Namba ile ilipiga na kupiga mpaka akaizima simu.

Wenye maduka, nyinyi mna balaa lenu. Mteja anakuonyesha ujumbe kwenye simu yake, au unaingia kwako wenyewe kabisa, na jina lake na kiasi. Ujumbe wa kweli unakuja kwa jina MPESA na unakaa pamoja na ule wa jana na wa juzi. Wa uongo unatoka kwa namba ya mtu, umejitenga peke yake. Lakini hata hilo msilitegemee sana, angalieni salio. Foleni ikiwa ndefu ndiyo saa yao.

Na ukiambiwa "nimekutumia kimakosa, nirudishie", usirudishe kwa mkono wako. Aliyekosea aupeleke ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456 na Safaricom washughulikie. Mkweli ataelewa, mwingine ataanza kulia na kutaja mgonjwa.

BintiKibokoni

Cha binamu, na ni binamu kweli.

Alipata mchumba Facebook, daktari wa melini, mzungu, mjane, kila asubuhi maua. Akasema ametuma kifurushi: dhahabu, simu, mikoba. Kisha "afisa wa forodha" akapiga kutoka uwanja wa ndege wa Moi, kifurushi kimezuiliwa, lipa elfu thelathini na tano. Akalipa. Siku ya pili kumbe ndani kuna dola, kwa hivyo kuna faini.

Kilichomshtua ni mamake. Alimuuliza tu, "Huyo afisa amekupa risiti ya wapi?" Hakuna risiti, hakuna namba ya kufuatilia kifurushi, na pesa zimekwenda kwa laini ya mtu. Tukachukua picha ya daktari tukaitafuta Google kwa picha. Ni mtu mwingine kabisa, ana mke na watoto na wala hajui kama anaposa Mombasa.

Klaringi Kilindini

Natoa magari bandarini miaka mingi, nami nitasema kuhusu hii ya "mnada wa forodha" kwa sababu inaua watu kila mwezi, hasa wa bara na hata Waganda. Tangazo linapita Facebook: gari zilizozuiliwa bandarini, Harrier laki tatu, Probox laki moja na nusu, wahi kabla hazijaisha. Picha ni za kweli, zimepigwa kwenye yadi ya mtu au kupitia ua. Ukiuliza unatumiwa barua yenye nembo na mhuri, halafu zinaanza ada: ya kushika gari, ya getini, ya bima ya njiani. Ndogo ndogo, ili usione uchungu wa kuacha.

Mnada wa forodha upo kweli, ndiyo maana uongo huu unauzika. Mzigo ukikaa bandarini kupita muda, tangazo linatoka kwenye Gazeti Rasmi la Kenya chini ya kifungu cha 42 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Mwenye mzigo anapewa nafasi ya mwisho, asipouchukua ndipo unauzwa mbele ya kila mtu. Orodha iko wazi, mzigo unakwenda kuutazama. Hakuna afisa wa KRA, mamlaka ya ushuru, anayekupigia pembeni akakuwekea gari kwa sababu amekupenda. Na malipo ya serikali siku hizi yana njia yake, Paybill 222222 ya eCitizen. Mtu akikupa laini yake ya simu ulipie ushuru, hapo mazungumzo yameisha.

Kuna bwana alisafiri usiku kucha kwa basi kuja "kuchukua gari lake". Alinionyesha kila kitu. Nilisoma mara moja nikasimama kwenye mwaka: gari la Japani la 2010, ati limeteremshwa melini juzi. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Litateremkaje? Nikamwambia ampigie muuzaji hapo hapo amwombe namba ya chesisi. Muuzaji akasema namba ni siri ya serikali. Nilicheka, Mungu anisamehe, mwenzangu alikuwa anatetemeka.

Ombeni chesisi. Wakigeuka wakali, ondokeni.

Mishomoroni Finest

Mimi wamenila kwa ile ya "tuma kwa hii namba nyingine". Kodi ya nyumba. Ujumbe uliingia siku hasa niliyokuwa naenda kulipa, nikadhani ni ajenti. Sina la zaidi, bado nina hasira.

Khadija wa Mambo ya Harusi

Sisi tuna grupu la harusi la ukoo mzima, watu mia na kitu. Usiku mmoja khalti yetu akaandika: "Habari zenu wapendwa, niko hospitali naomba mnisaidie elfu kumi na tano nitarudisha kesho asubuhi."

Walioanza kutuma pole wakatuma pole. Mimi nikaguna. Khalti haandiki! Maisha yake yote ni ujumbe wa sauti, tena mrefu, anaanza na Bismillahi anamaliza kwa kuuliza nani amechukua sufuria yake. Na "wapendwa" hajapata kulitumia tangu azaliwe. Nikampigia kwa simu ya kawaida, yuko kwake Bondeni anapika mahamri, hajui kitu. Kumbe mchana alipigiwa na "mwenye kuandaa mawaidha kwa Zoom", akaombwa asome namba sita zilizoingia kwenye simu yake ili aunganishwe. Akasoma. WhatsApp ikahama.

Aliyetuma pesa ni ami mmoja ambaye mchango wa harusi mpaka leo anadaiwa. Tumemcheka wiki nzima.

Sasa ndani ya nyumba tumekubaliana swali. Mtu akiomba pesa kwa maandishi anaulizwa jambo la nyumbani ambalo halipo Facebook. Siwaambii ni lipi.

Fundi Simu, Majengo

Nianzie hapo pa khalti, kwa sababu zinaletwa kwangu nyingi. Zile namba sita ndizo ufunguo wa WhatsApp, hakuna shughuli nyingine inayozihitaji. Nenda mipangilio, akaunti, uthibitisho wa hatua mbili, weka pini yako. Hapo hata mtu akizipata sita, atakwama kwenye pini. Wateja wangu wote nawawekea kabla sijawarudishia simu, na kila mmoja ananiambia ataisahau.

Kuna nyingine ambayo wengi hawaijui. Mtu analeta simu, ati haiiti, fundi angalia spika. Spika nzima. Nabonyeza *#21# naona simu zake zote zinapelekwa kwa namba asiyoijua. Nauliza, wiki hii kuna mtu alikwambia ubonyeze nyota nyota? "Ah, ndiyo, walisema wananirekebishia mtandao." Alibonyeza **21* na namba ya tapeli na reli (#). Tangu hapo, WhatsApp au benki wakipiga simu kusoma namba ya uthibitisho, anayesikiliza ni tapeli. Kufuta yote ni ##002#. Kuna na ile ya *33*0000#, hiyo inakufungia kupiga simu, ili wakati wanakukamua usiweze kumpigia mtu yeyote.

Ukiwa mjini kati, wengine wote wana mtandao na wewe laini imekufa ghafla, usingoje kesho. Huenda mtu ameshaihamishia kwenye kadi nyingine. Kimbia dukani kwa Safaricom na kitambulisho, au upige 100 kwa simu ya mwenzio. Na mkiwa na nafasi bonyezeni *100*100#, inazuia laini yako kuhamishwa na wakala wa mtaani.

Tudor Four

Fundi, na hao wanaosema wanapiga kutoka Safaricom?

Fundi Simu, Majengo

Safaricom wanapiga kwa 0722 000 000. Lakini hata ukiiona hiyo, pini hawaulizi, wala hawakwambii ubonyeze kitu. Wewe kata, upige 100 mwenyewe.

Mwenye Nyumba Bamburi

Disemba ndiyo mwezi wangu wa kulia. Nakodisha nyumba mbili kwa wageni wa likizo. Mwaka jana familia ilishuka na masanduku getini kwangu saa tatu usiku, watoto wamelala mabegani, wamelipa nusu ya pesa kwa mtu aliyechukua picha zangu zote mpaka ya paka. Bei aliyowapa ilikuwa nusu ya yangu. Nyumba ilikuwa na wageni, sikuwa na pa kuwaweka. Tuliwatafutia chumba Mtwapa, na mlinzi ndiye aliyewanunulia watoto maziwa.

Wageni siku hizi nawaambia wenyewe: nipigie kwa video, nitatembea kutoka barabarani, getini, ngazi, mpaka jikoni, nifungue na bomba. Aliyeiba picha hawezi kufungua bomba. Dipoziti yangu ni ndogo, inayobaki utanilipa ukishakaa kitini. Kuna wenzangu wanasema nawaharibia biashara kwa kutoomba pesa yote mbele. Shauri yao.

Mwalimu Changamwe

Wanafunzi wangu waliomaliza kidato cha nne wanaletewa barua za kazi bandarini, "ada ya sare na matibabu" elfu tano. Hakuna ajira ya KPA, mamlaka ya bandari, inayouzwa. Za Ghuba nazo, angalieni kwanza kama wakala yumo kwenye orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Na mkopo wa serikali wa Hustler Fund unachukuliwa kwa *254#, hauna mtu wa kumlipa kwanza ili upewe. Hilo la mwisho nalisema kwa sababu mlinzi wa shule yetu alilipa.

Mzee wa Mji wa Kale

Na polisi je? Mimi nilikwenda kituo kimoja, nikaulizwa, "Si ulituma mwenyewe?" Nikarudi nyumbani.

Mwalimu Changamwe

Pole sana mzee wangu. Kutuma mwenyewe hakumwondolei tapeli kosa, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inaadhibu kumlaghai mtu kwa njia ya mtandao ili atoe siri zake, na kujifanya mtu mwingine pia. Rudi ukiwa na namba za miamala na ujumbe wote, usifute hata kimoja, udai namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituoni. Kuna simu ya bure ya wapelelezi wa DCI, 0800 722 203. Ujumbe wa kitapeli upeleke 333, pia bure. Siahidi kuwa pesa itarudi.

Mzee wa Mji wa Kale

Shukran mwanangu. Kuna jingine. Jana kijana alinipigia ananitukana, ati laini yangu imemla pesa. Namba aliyoitaja si yangu, siijui, lakini anasema ina jina langu.

Fundi Simu, Majengo

Babu, bonyeza *106#. Itakuonyesha namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Je, kuna wakati ulinunua laini kwa wale vijana wa meza za barabarani wakapiga picha kitambulisho?

Mzee wa Mji wa Kale

Ndiyo, pale Mwembe Tayari, walisema ya kwanza haikukubali wakapiga tena. Nimebonyeza. Ziko tatu, na yangu ni moja.

Fundi Simu, Majengo

Mbili hizo zikatwe kabla mtu hajaja na polisi mlangoni. Kesho saa tatu nikukute hapo Makadara, twende dukani pamoja. Njoo na kitambulisho chenyewe, picha yake hawaikubali.

Mkaazi wa Tudor

Na mimi nitakuja na yule mzee jirani. Nimembonyezea sasa hivi, kwake ziko nne.