Mbakai upi unafaa uwanja mdogo wa nyumba: mwekundu, wa Ohio, au wa maua meupe?

Mwenye Baraza (Louisville, Kentucky)

Ndugu zangu, uwanja wa mbele wa nyumba yetu una upana wa mita nane hivi, unaelekea mashariki, na nusu yake hufunikwa na kivuli cha mwaloni wa jirani. Ningependa kupanda mti mmoja wa asili ya huku, wenye maua, usiozidi paa la nyumba, na katika kusoma kwangu nimebakiwa na mibakai mitatu (mimea iitwayo buckeye kwa Kiingereza): mwekundu, yaani Aesculus pavia, wa Ohio, yaani Aesculus glabra, na ule wa maua meupe, Aesculus parviflora. Udongo wetu ni mfinyanzi unaotuamisha maji wakati wa mvua na kupasuka mwezi wa Agosti. Naomba waliowahi kuitunza miti hii wanilinganishie.

Mtunza Vitalu (Knoxville, Tennessee)

Ndugu Mwenye Baraza, kwa mahali ulipopaeleza mimi ningeanza na mbakai mwekundu. Asili yake ni misitu ya kusini-mashariki mwa Marekani, kuanzia Florida na Texas hadi kusini mwa Illinois, na humo huishi chini ya miti mirefu, kwa hiyo kivuli cha mwaloni hakitaudhuru, bali kitaukinga na jua la alasiri ambalo huunguza kingo za majani yake. Kwa kawaida huishia kati ya mita 3 na 6. Penye kivuli kizito mno hurefuka bila kunenepa na maua huwa haba, lakini jua la asubuhi unalolipata linatosha. Jani lake, lenye vijani vitano vinavyotokea sehemu moja, litakukumbusha jani la mbuyu.

Maua ni mekundu, yana umbo la mirija, na husimama wima katika vishada vya sentimita 10 hadi 20. Huku kwetu huchanua Aprili, wakati uleule ambapo ndege wavumaji wenye koo jekundu wanarejea kutoka Amerika ya Kati, na kwa wateja wengi hiyo ndiyo sababu ya kuutaka. Jambo la kulijua kabla hujalipa ni kwamba majani yake hupukutika mapema: mwishoni mwa Agosti au Septemba mti huweza kubaki mtupu huku mwaloni ulio juu yake ukiwa bado wa kijani. Hiyo ni tabia yake wala si ugonjwa, ingawa ukame huiharakisha.

Binti Pwani (Columbus, Ohio)

Ninaishi katika jimbo lililoufanya mbakai kuwa mti wake rasmi tangu 1953, ambako watu hutia mbegu yake mfukoni kwa kutafuta bahati na hutengeneza peremende za siagi ya karanga na chokoleti zenye sura yake, kwa hiyo nikiukosoa majirani wataniona msaliti. Hata hivyo, kwa uwanja wa mita nane sioni hoja ya kuupanda mbakai wa Ohio. Hufikia mita 6 hadi 12, na penye rutuba huzidi hapo; maua yake ya njano iliyochanganyika na kijani hayaonekani vizuri katikati ya majani; na majani na vijiti vyake vikipondwa hunuka vibaya.

Kinachoudhi zaidi ni ugonjwa wa madoa ya majani unaoletwa na kuvu. Mvua za majira ya kuchipua zikiwa nyingi, madoa ya kahawia huenea hadi jani zima linajikunja, na kufikia Agosti mti unatia huruma, ingawa haufi. Kuyakusanya majani yaliyoanguka na kuyaondoa kabisa husaidia, kwa sababu kuvu hiyo hupitisha majira ya baridi ndani yake. Sifa yake kubwa ni kuvumilia baridi: anayeishi Minnesota, ambako usiku wa Januari unaweza kufika nyuzi 35 chini ya sifuri, ana sababu ya kuuchagua. Wewe wa Louisville huna.

Mkaazi wa Sacramento (California)

Nawaongezea wasomaji wa pwani ya magharibi kwamba huku kuna mbakai wetu, Aesculus californica, ambao hupukutisha majani mwezi wa Julai ili kukwepa ukame, na asiyeujua huweza kuukata akidhani umekufa. Chavua na nekta yake huwadhuru nyuki wa asali, ambao waliletwa kutoka Ulaya. Mwenye mizinga asiupande.

Mwenye Baraza

Ahsanteni sana. Wa Ohio nimeuondoa. Hakuna aliyeugusia ule wa maua meupe, na pia nina watoto wadogo wawili. Nimesoma kwamba mbegu za mibakai zina sumu. Je, hofu hiyo ina msingi?

Mama Shamba (Asheville, North Carolina)

Mwanangu, ina msingi. Mibakai yote ina sumu katika mbegu, majani machanga na magome, na aliyeila hutapika, hulegea na hata kuyumba. Ng'ombe na mbwa nao hudhurika. Wenyeji wa asili wa bara hili walizisaga mbegu na kuzitia majini ili kulewesha samaki, kazi ileile inayofanywa na utupa huko nyumbani. Mbegu inang'aa, ni ya hudhurungi, na mtoto hawezi kuipita bila kuiokota. Mtoto akimeza, piga simu 1-800-222-1222, kituo cha kudhibiti sumu, usiku au mchana. Akizimia au akishindwa kupumua, piga 911.

Kwa upande huo mbakai wa maua meupe una nafuu, kwa sababu nje ya Alabama na Georgia, ambako ndiko kwao, mara nyingi hauzai matunda mengi. Huchanua mwishoni mwa Juni na Julai, vichaka vingine vikiwa vimekwisha kumaliza, majani yake hubaki safi, kisha hugeuka manjano. Ila huo ni kichaka, si mti. Urefu wake ni mita 2.5 hadi 3.5, lakini hutoa machipukizi kutoka mizizini na kutambaa hadi mita 4 au zaidi, kwa hiyo nusu ya uwanja wako itakuwa mali yake. Mimi ningeuweka nyuma ya nyumba, kando ya uzio, penye nafasi.

Mtunza Vitalu

Mama Shamba, shikamoo. Ulivyosema juu ya sumu ndivyo ilivyo. Kwa mbakai mwekundu dawa ni kuvikata vishada mara maua yanaponyauka, kabla matunda hayajashika, kazi ambayo katika mti mfupi hivyo huhitaji ngazi ndogo tu.

Ndugu Mwenye Baraza, panda Oktoba au Novemba, na siku chache kabla ya kuchimba piga 811 ili uwekewe alama za mabomba na nyaya, bila malipo. Katika mfinyanzi, chimba shimo pana mara mbili au tatu kuliko bonge la mizizi lakini lisilozidi kina chake, rudisha udongo uleule uliouchimba, kisha tandaza matandazo ya sentimita 5 hadi 8 bila kuyagusisha na shina. Mwagilia maji katika majira mawili ya kwanza ya joto. Chagua mche mdogo, kwa kuwa mzizi mkuu huenda chini mapema na mche uliokaa chunguni muda mrefu huwa umeshajizungusha. Ukipendelea mbegu, ipande mara tu inapotoka gandani, kina cha sentimita 3 hadi 5, chini ya wavu wa waya kwa sababu ya kindi; usiichelewesha, kwa maana mbegu ikikauka hufa.

Dukani usiridhike na neno "mwekundu". Soma lebo: unataka Aesculus pavia, wala si Aesculus × carnea, chotara lake na mti wa Ulaya, ambalo hufikia mita 9 hadi 12 na kulipita paa lako.